KIJANA WA KALAMU NA MKUBWA WAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wakaao Komarock, Nairobi)



Nimeombwa niseme habari za vijana waingiao kazi ya uandishi wa habari. Hapa Komarock wako wengi. Alfajiri utawaona kwenye steji ya matatu, nauli yatoka mfukoni mwao. Wengi hawana mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyotoka. Isipotoka, nauli imekwenda bure.

Kijana wa namna hiyo ana haja ya mtu wa kumwongoza. Zamani mhariri alimketisha kando ya meza, akayakata maneno yake mbele ya macho yake na kumwambia sababu. Siku hizi meza zimepunguzwa watu, habari hupelekwa kwa simu, na kijana huiona imegeuzwa asijue kwa nini. Hapo ndipo sisi wakubwa tunapotakiwa. Chukua habari yake moja kila juma, umwulize: Nani alikuambia haya? Yule anayelaumiwa ulimtafuta ajibu? Jina hili limeandikwa sawasawa? Mwonyeshe namna ya kusoma hesabu za kaunti, na namna ya kukaa mahakamani kutwa nzima bila kumtilia hakimu neno asilolisema. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni mapambo.

Lakini kuongoza si kunyonya. Wako wakubwa wamtumao kijana akahangaike juani, kisha jina linalotoka gazetini ni lao. Huo ni wizi, hata ukiitwa mafunzo. Na wako wamtakao binti malipo ya mwili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi atoe taarifa ya maandishi ya kuzuia dhuluma hiyo. Binti aiombe siku ya kwanza, wala asione haya.

Sheria hiyo hiyo yasema muda wa kujaribiwa usizidi miezi 6. Ukiongezwa kwa mapatano, jumla isipite miezi 12. Mtu aliye katika majaribio mwaka wa 3 hajaribiwi tena, anatumiwa tu. Mwajiri atasema huyu si mfanya kazi wangu, ni mtu wa kujitegemea. Kwa hiyo mfundisheni kijana aweke kila karatasi: zamu alizopangiwa, amri alizopewa, fedha alizopokea. Siku ya shauri, maneno matupu hayamsaidii.

Chama cha waandishi wa habari kipo Kenya tangu mwaka 1962. Mwajiri hulazimika kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuingia. Vijana wakikaa nje, nusu hiyo itatoka wapi?

Walio tayari kuchukua kijana mmoja mmoja, wa magazeti na wa redio pia, wampe katibu majina yao kabla hatujaondoka.