Fomu Inampeleka Wapi Mtoto?



Wahitimu wetu, leo nitazungumzia fomu. Mtazijaza hadi vidole viume.

Agosti 1939 serikali ya Hitler iliwaagiza madaktari na wakunga wa Ujerumani waripoti kila mtoto wa chini ya miaka 3 mwenye ulemavu: kichwa kikubwa, viungo vilivyopooza, mtindio wa ubongo. Mkunga alilipwa marki 2 kwa kila taarifa. Fomu zilipitiwa na mabingwa watatu, wawili kati yao madaktari wa watoto, watu wa fani yangu. Hawakumwona mtoto wala kumgusa. Alama ya kujumlisha kwenye karatasi ilimaanisha mtoto auawe. Katika wodi ya Am Spiegelgrund, Vienna, walikufa watoto 789, wengi wakiuawa kwa dawa ya usingizi, na vyeti vikaandikwa nimonia. Mabaki ya ubongo wao yalibaki kwenye chupa za maabara. Yalizikwa mwaka 2002. Waliofanya hayo walikuwa wamevaa joho kama lenu.

Utawala huohuo uliifukuza familia ya kijana mmoja Myahudi, mzaliwa wa Breslau, 1922. Alikimbilia Marekani, akawa daktari wa watoto huko Denver: C. Henry Kempe. Mwaka 1962 yeye na wenzake walichapisha makala kuhusu watoto wanaoumizwa na wazazi au walezi wao. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mmoja umevunjika jana, mwingine unaunga, wa tatu umeunga zamani. Mzazi anasema mtoto ameanguka kitandani; mifupa inakataa. Kufikia 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuripoti watoto wa namna hiyo, ili waokolewe.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ninyi mtakuwa wa kwanza kujua.

Basi wanangu, mkiletewa mtoto usiku wa manane, mkono umevimba na maelezo hayaeleweki, mvueni nguo mumtazame mwili mzima, hadi nyuma ya masikio. Andikeni mlichokiona, kwa hati inayosomeka, na mfuatilie taarifa ilipofika. Na siku mtakapopewa fomu msiyojua inampeleka wapi mtoto, wekeni kalamu chini, mkaulize kwanza.