Nafasi Moja Ibaki Wazi

(Jumapili ya 15 ya Mwaka B. Injili: Marko 6:7-13)



Leo Injili takatifu yatuonyesha Yesu akiwatuma wale Thenashara wawili wawili. Kabla hawajaondoka, anawakagua mizigo. Anawaruhusu fimbo na viatu. Mkate, mkoba, fedha za kibindoni na kanzu ya pili anaagiza vibaki nyumbani.

Agizo hili huwashangaza wengi. Je, Bwana anataka tuwe wasafiri wasiojiandaa? Tukijibu kwa haraka twaweza kukosea. Turuhusuni basi tuwasimulie safari yetu moja, iliyotufundisha maana ya maneno haya, nayo ilitufundisha kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa watu tisa wa parokia moja: makatekista sita, madereva wawili na padre. Tuliazimu kutoka Maralal, kaskazini mwa Kenya, hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, ili tuwatembelee waamini wenzetu. Kisha tuvuke jangwa la Chalbi hadi Marsabit. Maralal hadi Loiyangalani ni yapata kilometa 230, na wakati ule hazikuwa kilometa za lami. Njia yateremka kutoka nyanda za juu zenye baridi, yapita Baragoi, yaingia bonde la South Horr chini ya Mlima Nyiro wenye kimo cha zaidi ya meta 2,700, kisha yatokea kwenye mawe meusi ya volkano ambako upepo wa Mlima Kulal huvuma kwa nguvu usiku na mchana. Chalbi yenyewe ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Wakati wa kiangazi ni ngumu na nyeupe kwa chumvi; mvua ikinyesha hugeuka tope lisilopitika.

Tulikaa vikao vitatu ukumbini kupanga safari hiyo. Orodha ya kwanza ya vitu ilikuwa nusu ukurasa. Katika kikao cha pili mmoja wetu alisema, huenda huko hakuna viti. Tukaandika viti kumi na viwili. Mwingine akasema, huenda tutahitaji kipaza sauti. Tukaandika kipaza sauti, na jenereta ya kukiendesha, na mafuta ya jenereta. Huenda baridi itatuumiza milimani, yakaongezwa magodoro. Huenda wageni wa heshima watakuja. Zikaongezwa kreti mbili za soda, na suti za kuwapokelea. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Siku ile haba na haba ilijaza magari mawili hadi juu ya keria. Neno hilo dogo, "huenda", lilikuwa na uzito kuliko magunia yote.

Asubuhi ya kuondoka ilionekana kwamba vitu havienei. Tulifanya nini basi? Tuliteremsha gurudumu moja la akiba na madumu mawili ya maji, ili viti vipate mahali. Hakuna aliyepinga. Tulisali, tukanyunyizia magari maji ya baraka, tukaondoka.

Wapendwa, madereva wetu walikuwa wamejaribu kutuonya. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Watu tisa katika nchi ya joto namna ile, tukimhesabia kila mtu lita tano za kunywa kwa siku, wahitaji lita 90 kwa siku mbili tu, kabla ya kupika na kabla ya kuweka akiba. Huo ni mzigo usioweza kupunguzwa. Tena kila gari lina kipimo cha uzito kilichowekwa na waliolitengeneza, na ndani ya kipimo hicho wamo abiria wenyewe. Vitu vizito hukaa chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Vikipakiwa juu ya keria, gari laweza kupinduka linapoinama kwenye mteremko. Gari lililozidiwa huvunja springi kwenye mawe, na huzama mchangani. Hayo yote tuliyasikia, tukasema Mungu atatusaidia. Twawaomba mkumbuke neno hilo, kwani mara nyingi twamwita Mungu atusaidie kubeba kile ambacho hakututuma kukibeba.

Tulipita Baragoi. Alasiri, kabla ya kufika South Horr, tulimwona mama amesimama chini ya mgunga kando ya njia. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi, na ubavuni amesimama binti mdogo aliyeshika kibuyu. Mama aliinua mkono. Tukasimama. Mtoto alikuwa na homa kali, macho yamelegea. Mama aliomba tumfikishe kwenye zahanati iliyokuwa mbele yetu, mwendo wa kilometa kumi na tano hivi.

Dereva aligeuka akatazama nyuma. Sisi nasi tukatazama. Viti, magodoro, kreti. Gari la pili lilikuwa vivyo hivyo. Tukamwambia, "Mama, samahani sana, magari yamejaa. Gari jingine litakuja." Tukampa chupa ya maji na pakiti ya biskuti, tukamwombea mtoto, tukaenda zetu. Tangu asubuhi hatukuwa tumekutana na gari jingine lolote katika njia ile, nasi tulilijua hilo tulipokuwa tukimwambia.

Hatukufika mbali. Katika mto mkavu, ule ambao watu wa huko huuita laga, gari la mbele lilizama mchangani hadi tumboni. Laga si mahali pa kukaa, maana mvua ikinyesha milimani maji huja ghafla hata kama juu yako jua lawaka. Ikabidi tupakue vyote upesi. Kwa muda wa nusu saa tulivipanga mali zetu juu ya mchanga, kama duka lililofunguliwa nyikani. Kisha tukapunguza upepo wa matairi ili yatanuke na kukanyaga mchanga kwa upana, tukachimba kwa sepetu, na lile gari tupu likatoka bila taabu.

Hapo ndipo katekista aliyekuwa mzee kuliko sisi sote alipovitazama vile vitu, akasema kwa sauti ya chini, "Padre, mahali pa yule mama ni hapa. Na pa watoto wake. Na bado panabaki."

Hakuna aliyemjibu. Tulirudi na gari moja likiwa tupu. Tulifika kwenye ule mgunga jua likikaribia kuzama, na hapakuwa na mtu. Tuliita, tukapiga honi, tukasikia mwangwi tu.

Tulimkuta usiku huo kwenye zahanati. Mchungaji mmoja wa ngamia alikuwa amepita baada yetu. Ngamia wake alibeba vyombo vya maji na vifaa vya nyumbani. Mtu yule hakufanya kikao. Alishusha mzigo, akauficha kichakani, akampandisha mama na mtoto, akawaongoza kwa njia ya mkato huku binti akitembea pembeni yake. Mtoto alikuwa amekwisha kupewa dawa, naye alilala. Muuguzi alituambia kwamba katika homa kama ile kila saa ina thamani yake. Mama alipotuona alitushukuru kwa chupa ya maji. Wapendwa, shukrani ile ilituchoma kuliko matusi.

Mnaukumbuka mfano wa Msamaria mwema. Kuhani alipita kando. Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Tumeuhubiri mfano huo mara nyingi, lakini hatukuwa tumewahi kufikiri kwamba mnyama yule alipaswa kuwa na nafasi mgongoni, au mwenyewe awe tayari kuifanya nafasi hiyo. Siku ile ngamia wa mchungaji alipata nafasi ambayo magari mawili ya parokia hayakuwa nayo. Na kuhani alikuwa ndani ya gari.

Asubuhi yake mtoto aliamka, akaomba uji. Nasi tulikaa tukagawa mizigo yetu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile vinavyolinda uhai na kuiwezesha safari: maji, chakula cha kutosha, dawa, jeki na ubao wa kuiwekea, sepetu, pampu, vifaa vya kuziba pancha. Fungu la pili ni vile tulivyowapelekea wenyeji wetu. Fungu la tatu ni vile vilivyobebwa na hofu yetu au fahari yetu. Fungu la tatu ndilo lililokuwa kubwa. Tuliliacha lote palepale chini ya uangalizi wa waamini, tukaazima gurudumu la akiba, tukajaza madumu ya maji, tukaendelea hadi Loiyangalani na kuivuka Chalbi. Viti? Tuliketi juu ya mawe na vigoda vya wenyeji. Kipaza sauti? Watu walikaa karibu. Katika vyote tulivyoviacha, hatukukihitaji hata kimoja. Nafasi iliyobaki ilikaliwa: mara na mzee aliyekwenda kumwona mwanawe, mara na wasichana wawili waliokuwa wakirudi shuleni.

Sasa turudi kwenye Injili. Bwana hakuwanyang'anya mitume fimbo na viatu, kwa sababu hivyo ni vitu vya njia yenyewe. Pia aliwasifu wanawali waliobeba mafuta ya akiba. Basi anayeingia jangwani bila maji asiseme kwamba ana imani. Huyo anamjaribu Mungu, tena atawaondolea wenyeji maji yao machache. Alichokataza Bwana ni mzigo wa kutomtegemea mtu yeyote. Wahenga walisema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Mtume hana budi kuwa maskini kiasi cha kuhitaji kigoda cha mwenyeji, na mwepesi kiasi cha kumchukua aliye kando ya njia.

Makatekista wapendwa, mzigo huu hauko garini tu. Kuna ratiba iliyojazwa mikutano hata mgonjwa aliye jirani hapati saa moja. Kuna somo la dini lililoshonwa maneno mengi hata mtoto mwenye swali hapati mahali pa kuliuliza. Kuna harusi ambayo kamati yake imejaza orodha kwa neno "huenda", na wana arusi wakaanza maisha kwa deni. Kuna nyumba yenye vyumba vingi na makabati mengi, na shangazi mzee hana pa kulala. Katika hayo yote jibu letu ni lile lile tulilompa yule mama: samahani, tumejaa.

Twawaombeni jambo moja juma hili. Mtakapopanga safari, iwe ya Chalbi au ya sokoni, iwe ya mwaka mzima wa parokia, chukueni orodha yenu na mlikague kila neno "huenda". Vinavyolinda uhai vibebeni bila aibu. Vinavyobebwa na hofu viacheni. Kisha, kabla ya kufunga mlango, hesabuni viti, na kiti kimoja kisiwe na kitu juu yake. Hatumjui atakayekikalia. Bwana anamjua, na yawezekana amekwisha kusimama chini ya mgunga, ameinua mkono.

Ee Bwana, utusamehe kwa wote tuliowapita. Utupe fimbo na viatu, na moyo wenye nafasi. Amina.