Daftari la Maji Lisomwe Mkutanoni

Ndugu wanachama wa Kilwa,

Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji mashambani, kabla Mjerumani hajafika. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake na zamu zake. Asiyetokea kuusafisha alitozwa faini au alikosa maji. Hawakumngoja Bwana Shauri!

Sisi wa pwani hatuna mlima, tuna visima na pampu. Sheria Namba 5 ya 2019 imezipa jumuiya za watumiaji kazi ya kuendesha maji ya vijijini, chini ya uangalizi wa RUWASA. Vema. Lakini pampu haiendeshwi kwa hotuba, hata hii yetu. Yataka fedha ya vipuri. Basi tunadai hivi: kila mwezi mtunza fedha asimame, asome daftari mbele ya akina mama wanaobeba ndoo. Akikataa, tuchague mwingine.