Dizeli Inapokataa Kuwaka Asubuhi

Mwezi wa saba umeingia na baridi yake, na wenye pikapu na matatu kuukuu za dizeli wanahangaika alfajiri. Leo tuwasaidie.

Injini ya dizeli haitumii cheche. Hubana hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Hapa kwetu Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Baridi ikiongezeka, joto hilo hupungua. Ndiyo maana kuna hita plagi za kuongeza joto ndani ya injini.

Fungua swichi bila kupiga stata, subiri taa ya hita izime, kisha piga. Ukiona moshi mweupe na injini inatetemeka, huenda hita plagi moja au mbili zimekufa. Fundi azipime kwa mita, moja baada ya nyingine.

Kagua betri pia: ikiwa imejaa na kutulia, husoma karibu volti 12.6. Safisha vichwa vyake. Mwaga maji yaliyokusanyika chini ya filta ya dizeli. Gari likiwaka kisha likazima, shuku hewa kwenye mipira ya mafuta, kaza klipu.

Tafadhali, usiwashe moto chini ya injini, wala usipulizie etha penye hita plagi, inaweza kulipuka. Usiache gari likinguruma ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wake huua.

Mwone fundi wako wiki hii, kabla gari halijakukwamisha. Safari njema.