Kuinusuru Bandama

Tegu mdogo akaaye tumboni mwa mbwa hutaga mayai yatokayo na kinyesi. Binadamu ayamezapo, vifuko vya maji huota mwilini mwake: aghalabu katika ini au mapafu, mara chache katika bandama. Wafugaji wa Turkana, nchini Kenya, wameteseka sana kwa maradhi haya.

Zamani wapasuaji waliiondoa bandama yote. Lakini kiungo hicho huukinga mwili dhidi ya malaria na kichomi. Hivyo, inapowezekana, hutolewa kifuko tu, kwa uangalifu maji yake yasimwagike tumboni na kuzaa vifuko vipya.

Basi mchinjaji asimtupie mbwa ini lenye vifuko. Alichome au alifukie chini sana.