Redio za Ubishi wa Michezo: Nani Analipa?

(Hotuba iliyotolewa kwenye chakula cha jioni cha Wanafunzi wa Zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi wadogo zetu wa kidato cha sita mnaotuhudumia:

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya jambo ninalolijua. Sisi watumishi wa serikali hudhaniwa tunajua majalada tu. Lakini wale wa bweni langu wanajua kwamba liko somo jingine nililohitimu hapa pasipo cheti, nalo ni ubishi wa mpira.

Mtakumbuka Novemba 1993, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Kule Abidjan walitoka sare bila bao. Ikabaki kumaliza kazi Dar es Salaam. Tulikuwa kidato cha tatu, tumeizunguka redio moja ambayo betri zake tulizianika juani tangu asubuhi. Simba ikafungwa 2-0. Mtangazaji akatuaga, lakini sisi hatukulala. Wa Simba walilia, wa Yanga walicheka, na ubishi ukaendelea mpaka mlezi wa bweni alipokuja na fimbo.

Sikujua kwamba ubishi ule ungeweza kuuzwa. Wamarekani walikwisha kujua. Tarehe 1 Julai 1987 stesheni ya WFAN ilianza kazi New York, ikizungumza michezo usiku na mchana. Ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo. Mwaka 1989 iliwaweka pamoja Mike Francesa na Chris Russo, watu wa silika mbalimbali, wakabishana alasiri baada ya alasiri mpaka 2008. Stesheni ikawa miongoni mwa zile zinazoingiza fedha nyingi katika redio za Marekani. Uingereza nao, mwaka 2000, Talk Radio iligeuzwa kuwa talkSPORT.

Biashara yenyewe si ngumu kuieleza. Haki ya kutangaza mechi ni ghali, na mechi huisha kwa dakika 90. Ubishi hauna mwisho, na wabishi hupiga simu kwa vocha zao wenyewe. Wasikilizaji wengi ni wanaume wenye kazi, na hao ndio wauza bia na magari wanaowatafuta. Kwa hiyo, ndugu zangu, bidhaa inayouzwa si mpira. Ni masikio yetu.

Mwaka 2012 nilipelekwa kozi fupi New York. Dereva wa teksi alikuwa akiisikiliza stesheni hiyo hiyo na kuijibu kwa sauti, kana kwamba mtangazaji ameketi nyuma pamoja nami. Mchezo ulikuwa besiboli, nisioujua hata kidogo. Lakini niliwatambua Msimbazi na Jangwani. Mtu aliye peke yake kazini kutwa nzima amepata baraza. Hilo ndilo linalotuvuta. Awe mkurugenzi au mbeba mizigo, akipiga simu anasikilizwa, wala haulizwi cheti.

Hata hivyo sitakuwa mkweli nikikomea hapo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria iliyozuia majimbo kuruhusu kamari ya michezo, na matangazo ya kamari yakajaa redioni. Kwetu pia kampuni za kubeti zimekuwa wadhamini wakubwa. Mchambuzi anaeleza kwa nini timu fulani lazima ishinde. Kabla hajameza mate, tangazo linakuonyesha mahali pa kuweka fedha.

Mwaka 2019 niliweka mimi. Nilianza kwa shilingi elfu moja, nikaishia kwenye ada ya muhula ya binti yangu. Mkeka ukachanika kwa bao la dakika ya mwisho. Mimi, mwenye digrii, ninayekagua matumizi ya wengine, nilikwenda kukopa kwa mwenzetu mmoja aliyeketi humu usiku huu. Hajapata kumwambia mtu. Namshukuru. Mke wangu nilimweleza baada ya mwezi mzima, na mwezi ule ulikuwa mrefu kuliko kidato cha tatu.

Simlaumu mtangazaji, hakunishika mkono. Nailaumu nafsi yangu kwa kusahau swali dogo la biashara: maneno haya nani anayalipia?

Wadogo zetu, sikilizeni na bishaneni. Lakini maneno ya mchambuzi yapokeeni kama ya mwenzenu wa bwenini: matamu, ila si ya kuwekea ada.

Na sisi wakubwa tunaosikiliza peke yetu garini, tukumbuke kwamba wengi wetu hatujaonana tangu tulipomaliza, na ubishi huu hapa tuliupata bure. Yanga ilikosa Kombe la Shirikisho fainali ya 2023, Simba ikalikosa 2025. Basi hakuna wa kumcheka mwenzake. Ndugu Mwenyekiti, naomba redio ile ya jikoni izimwe, tuanze wenyewe.