Wazee Wetu Wawili na Safari ya Niassa

Maneno yaliyosemwa na mmoja wa waalimu wa dini mbele ya Wakristo wa Mnazi Mmoja na Kariakoo, katika mwaka wa Jubilei ya Dayosisi



Tumeagizwa tuseme maneno machache juu ya wazee wetu wawili walioketi hapa mbele, ambao baada ya Pasaka, Mungu akipenda, wataondoka kwenda Niassa katika nchi ya Msumbiji, wakae huko miezi sita katika kazi ya Kanisa. Agizo hili ni zito kwetu, kwa maana si desturi mtoto kusimama mbele ya wazazi wake akawafundisha safari. Basi, Baba na Mama, shikamooni. Tukipita mpaka wa adabu, mtukanye.

Wote twawajua. Baba alikuwa karani wa hesabu katika kazi ya serikali hata akatimiza miaka 60, ndio mwisho wa kazi kwa sheria. Mama alikuwa mkunga, na hapa Kariakoo wako watu wazima wenye ndevu ambao mikono ya kwanza kuwapokea duniani ilikuwa mikono yake. Nyumba yao iko nyuma ya soko, na kodi ya vyumba walivyopangisha husaidia pensheni. Watu wa namna hii, walimwengu husema, wamekwisha fika; wakae barazani, wawatazame wajukuu, wangoje. Wao hawakutaka kungoja.

Yamesemwa mengi juu yao. Tumeyasikia sokoni, na mengine tumeyasikia papa hapa mlangoni mwa kanisa. Wengine wasema nauli na posho ya wazee wawili zingempeleka kijana mmoja mwenye nguvu akakaa mwaka mzima. Wengine wasema Baba ana shinikizo la damu na Mama anaumwa magoti; wataugua kule, nao watakuwa mzigo kwa watu wasio na kitu. Na jamaa zao huuliza lile neno ambalo hakuna jamaa awezaye kuliacha: wakifa huko, nani atarudisha maiti? Maneno haya hatuyadharau. Mwenye kuyasema si adui wa Misheni. Apenda kujua kama safari imefikiriwa.

Na tukumbuke ya kuwa Kanisa letu lenyewe ni la watu waliohama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake, wakashuka Lindi, wakaenda bara kwa miguu. Nia yao ilikuwa kukaribia nchi za Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Lakini walipofika Masasi wakaona mahali pema, wakajenga hapo. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliwashambulia. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mama yetu ni Myao wa Masasi. Kwake habari hizi si za kitabuni.

Tena yupo Padre Cecil Majaliwa, aliyeonja utumwa utotoni, akalelewa na Misheni ya UMCA Zanzibar, akasoma Kiungani na baadaye Canterbury katika Uingereza. Alipelekwa Chitangali kwa Wayao mwaka 1886, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ile. Wasimulizi humsifu, nao wafanya vema. Lakini mkewe Lucy, aliyekwenda naye nyika ile ile, hupata mstari mmoja tu, na pengine hapati hata huo. Twalisema hili kwa kusudi, kwa sababu tumekwisha sikia watu wakisema, “Baba anakwenda misheni, na Mama anamsindikiza.” Sivyo. Someni habari za Akila na Priskila katika Matendo ya Mitume, washona hema wale waliohama Rumi wakaenda Korintho, kisha Efeso, wakamchukua Apolo nyumbani mwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mara nyingi Maandiko humtaja mke kwanza. Na katika safari hii, ndugu zetu, tukisema kweli, anayehitajiwa zaidi kule ni Mama.

Yafaa mjue barua ilivyosema. Haikuandikwa nasi kuwauliza wao wahitaji nini, waliandika wao. Waliomba mama wa makamo wa kuzungumza na wake vijana juu ya mimba na uzazi, kwa kuwa wake wale hawatasema mambo hayo mbele ya kijana, awe daktari au padre. Hapo ndipo hoja ya kumpeleka kijana mwenye nguvu inapoanguka. Kisha wakaomba mtu wa kukaa na viongozi wa mitaa, awaonyeshe namna ya kutunza daftari la sadaka. Mwisho wakaongeza neno ambalo sisi tulilisoma mara mbili: kwamba wanaokuja wakubali kuwa chini ya padre wa mtaa. Na padre huyo ni kijana, mdogo kuliko kitinda mimba wa wazee wetu.

Hili ndilo jambo lenyewe, na mengine yote tuliyoyataja ni madogo mbele yake. Mtu aliyekaa miaka mingi akiitwa mkuu, aliyezoea watu wasimame aingiapo ofisini, anapofika kwa watu wengine huona upesi yote yaliyopotoka, naye hutaka kuyanyosha kabla hajamaliza kunywa maji aliyokaribishwa. Sisi watu wa Mnazi Mmoja yatupasa kulielewa hili. Uwanja huu Waingereza waliuacha wazi ili utenge Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Wazazi wetu walijua jinsi mtu anavyojisikia anapoamuliwa mambo yake na watu wa ng'ambo ya uwanja, hata wakiwa wametumwa kwa wema.

Kwa hiyo maandalizi ya kwanza hayakuwa ya masanduku. Tangu Januari Baba amekuwa akisaidia katika shule ya Jumapili, chini ya mwalimu wake, binti wa miaka 22. Ametupa ruhusa tusimulie. Jumapili ya kwanza aliliona daftari la watoto halikupangwa, akalichukua nyumbani, akaliandika upya kwa wino, kwa mistari iliyonyoka kama reli. Binti akamshukuru kwa magoti, kisha akarudia daftari lake la zamani, kwa sababu yeye aliwapanga watoto kwa nyumba wanazotoka, ili ajue nani wa kumpeleka nani wakati wa mvua. Baba alikaa kimya juma zima. Jumapili iliyofuata alimwuliza, “Mwalimu, leo nifanye nini?” Kwa maoni yetu siku hiyo ndiyo aliyopata pasipoti yake.

Mama naye ana fundisho lake. Cheti chake cha ukunga hakimpi ruhusa ya kuzalisha katika nchi ya watu. Atafundisha kwa maneno tu, na penye hatari atahimiza mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Kwa mkono uliozoea kutenda miaka yote ile, kukaa mapajani ni kazi ngumu. Na Baba, aliye Mbondei wa Muheza, hajui Kiyao hata salamu, wala Kireno. Basi kule Mama ndiye atakayesema, na Baba atangoja kutafsiriwa. Tunawaombea ndoa yao.

Katika mambo haya wana mfano mzuri. Bibi Caroline Thackeray aliongoza shule ya wasichana ya Mbweni, Zanzibar, toka 1877 hata 1902. Alipouacha ukuu hakurudi kwao Uingereza. Alibaki Zanzibar mpaka alipokufa mwaka 1926. Miaka zaidi ya ishirini katika kisiwa kile kile alichokuwa mkuu, naye si mkuu tena! Sisi twaona miaka hiyo ilikuwa ushuhuda kama ile ya shule.

Njia ya Niassa si ngeni kwa Kanisa letu. Padre Yohana Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani, alihudumu Unangu katika nchi hiyo, akaandika kwa Kiyao habari za kabila lake, nazo zikachapwa mwaka 1919. Wala Dar es Salaam si ngeni kwa watu wa Msumbiji: chama chao cha FRELIMO kiliundwa katika mji huu mwaka 1962, na wako wazee kule waliojifunza Kiswahili kwetu siku za vita ya uhuru. Lakini twawasihi, Baba na Mama, wakiwasimulia habari hizo msikilize tu. Msiwakumbushe wema wa Tanzania. Mgeni asiende kama mdai.

Wengi mmeuliza kwa nini hawapiti Daraja la Umoja kule Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, maana ni karibu na kwao Mama. Ng'ambo yake ni Cabo Delgado, ambako mapigano yalizuka Oktoba 2017 yakafukuza watu wengi majumbani mwao. Kwa hiyo watashika basi la Songea, wavuke upande ule, waende Lichinga, na wenyeji watawapokea hapo. Kadi za chanjo ya homa ya manjano wanazo. Dawa za Baba zimenunuliwa za miezi saba, zisije zikatakiwa kwa wenyeji.

Juu ya mizigo tuna neno. Jina la Kariakoo, kama mjuavyo, lilitoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi hapa baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika vita ile wapagazi wengi walikufa kwa maradhi na uchovu, si kwa risasi, wakichukua mizigo ya watu wengine. Basi watu wa Kariakoo wasiwafanye wenyeji wao wapagazi. Tumeona akina mama wakileta masufuria, shuka, mapazia na hata kitanda cha kukunja. Mungu awabariki, lakini wazee watachukua mkoba mmoja mmoja na sanduku la dawa. Vingine viuzwe, fedha iingie katika mfuko wa safari. Na hapa tutasema wazi: kamati ya karamu ya kuwaaga imekutana mara tano, na kamati ya safari mara mbili.

Limebaki lile la maiti. Padre aliwauliza mbele ya jamaa zao wote, nasi tulikuwapo. Baba alinyamaza, akamtazama mkewe. Mama akajibu ya kwamba akifa kule azikwe kule, kwa desturi ya watu wa kule, na jamaa wasiuze kitu ili kumfuata. Wazee wake wa Masasi walizikwa mahali walipofika. Baba akasema, “Nami vivyo hivyo.” Mtoto wao wa kwanza alilia, lakini aliweka sahihi. Karatasi hiyo iko kwa Padre.

Watabarikiwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka, katika Misa ya asubuhi. Nyumba italindwa na binti yao, na wapangaji wameombwa wamlipe yeye. Mchango bado wapokelewa na mtunza hazina, ambaye nauli ya kurudi amekwisha iweka mbali katika bahasha yake. Nayo haitaguswa kwa karamu wala kwa jambo lingine lolote.